Kibaba cha Sauti

Skolastika Komba aliinua kidole, na hakukuwa na mlio wowote.

Imelda Ngonyani alimtazama kupitia kioo cha chumba cha kupimia, akaitazama mashine, akamtazama tena. Kitufe cha sauti kilikuwa kimezimwa. Alikizima mwenyewe asubuhi alipokuwa akifuta vumbi, akasahau kukiwasha. Ndani, katikati ya kuta zilizovikwa sifongo, mwimbaji wa mbele wa Kwaya ya Lihanje alikuwa ameketi na visikizi masikioni, macho ameyafumba, uso umetulia, akisikiliza patupu. Na kila baada ya sekunde nne kidole chake cha shahada kilipanda, kikashuka. Kilipanda palepale ambapo mlio ungekuwepo. Hakikukosea hata mara moja.

Imelda hakukiwasha kile kitufe. Alikaa akikitazama kidole cha rafiki yake kikiitikia wimbo ambao haukuwepo, mpaka mashine ikaandika kwa herufi za kijani: SIKIO ZIMA.

Skola alitoka akijinyoosha, akajigonga nyuma ya sikio kumkumbusha. Imelda akachukua sumaku na kuigusisha mfupani, kwanza kulia, kisha kushoto. Punje zilizomo ndani ya masikio zikaamka.

"Haya, nimerudi duniani," Skola alisema. "Vipi, mdogo wangu? Bado ninalo?"

"Mashine inasema unalo."

"Mashine inasema! Na wewe unasemaje? Au siku hizi unatumwa na mashine kama karani?" Alicheka kile kicheko chake cha kifuani kilichowafanya watu wapande treni kutoka Mtwara kuja Songea kumsikia. "Hebu nikupe habari. Mjukuu wangu jana kaniita. 'Bibi.' Wazi kabisa. Ana miezi saba!"

"Miezi saba, dada?"

"Mama yake anabisha. Ati mtoto anatoa mate tu. Wivu, hana lingine."

Imelda alijaribu kucheka. Akasema, "Rudi ndani kidogo. Mashine imenizingua."

"Wewe na mashine yako mna undugu," Skola alisema, lakini akarudi.

Imelda alizilaza punje tena, na safari hii sauti iliwashwa. Safari hii pia Imelda aliizima saa ya mashine, akawa anabonyeza milio kwa mkono wake, ovyo: baada ya sekunde mbili, kisha tisa, kisha tano. Kidole cha Skola kiliendelea kupanda kila baada ya sekunde nne. Imelda akaongeza sauti. Akaongeza tena. Alipofika kwenye kipimo ambacho mtu mwenye masikio mazima angevua visikizi na kutukana, ndipo mabega ya Skola yaliposhtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini.

* * *

Kipimo kile alikitengeneza Imelda mwenyewe.

Miaka kumi kabla, alipokuwa bado anaimba sauti ya pili, alikuwa akichukia milio ya wapimaji wa hospitali, milio isiyo na mwendo, inayokuja kama matone ya bati bovu. Waimbaji walitoka pale vichwa vinawauma. Kwa hiyo alipopewa kazi ya kutunza masikio ya kwaya, aliwapangia wenzake kipimo chenye adabu: pigo moja la mlio, mapigo matatu ya kimya. Mlio, kimya, kimya, kimya. Aliwafanyia wema.

Sasa, kazi ya mwimbaji nusu yake ni kuimba na nusu ni kuhesabu mapumziko. Anaweza kukaa kimya mapigo hamsini na tisa na kuingia kwenye la sitini akiwa amelala. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Waliketi mle ndani, wakasikia mlio wa kwanza mkubwa au wakadhani wamesikia, miili yao ikaushika mwendo, na vidole vikafanya kile ambacho vidole vya wanakwaya hufanya. Kwa miaka saba Imelda alikuwa akipima jinsi watu wake wanavyoshika mwendo, na kuandika kwamba amepima masikio.

Aliwaita wanakwaya wote arobaini upya. Kazi ilimchukua siku tatu. Aliwalaza punje kwa sumaku, akawabonyezea milio ovyo, akaandika.

"Mpimaji wetu leo ana hasira na nani?" aliuliza Fulgensi Kalinga, besi mwenye tumbo na mzaha, alipokuwa akitoka, punje zake zimekwisha kuamshwa. "Mlio wako umekuwa kama mlevi kwenye ngazi. Nimemsubiri hapa, kumbe kakaa kule."

"Umeusikia mara ngapi, Kalinga?"

"Mara nyingi tu, mtani."

Ulimfikia mara mbili tu, kwenye kipimo cha juu kabisa.

Jioni ya siku ya tatu alihesabu. Thelathini na mmoja walikuwa wamekwisha. Si kupungukiwa, kwisha. Waliobaki na masikio walikuwa tisa, na wote tisa walikuwa wameingia kwaya chini ya miaka miwili iliyopita.

* * *

Zamani, kila punje ilikuwa na kibaba chake.

Punje ni kitu kidogo kama ulezi, kinawekwa ndani ya sikio nyuma ya ngoma yake, na zile za kwanza zilifanya kazi moja tu: kuhesabu sauti. Mwimbaji alikuwa na kibaba chake cha siku. Kikijaa, punje inamtetemesha, naye anatoka nje hata kama ni katikati ya ubeti, anakwenda barazani kunywa uji mpaka masikio yapoe. "Kibaba kimejaa" ilikuwa kauli isiyobishiwa. Hata Mwalimu Haule, mwongozaji, aliyeweza kumfokea askofu, hakuwahi kumrudisha mtu aliyesema hivyo.

Kisha mashine zikaanza kutunga na kuimba kila kitu, bure na bila kuchoka, na watu wakashikwa na kiu ya koo la binadamu. Wakaja kutoka kila upande kuketi hatua kumi kutoka kwa mtu anayevuta pumzi. Mazoezi ya saa tatu yakawa sita, sita yakawa tisa. Zikaletwa punje mpya. Hizi, Kamati ya Ukumbi ilisema, hazihesabu; hizi zinakinga. Sauti kubwa ikija zinaipunguza, na panapokosekana kitu zinajaza. Kibaba kikafutwa. Imelda aliambiwa asaini, akasaini.

Kitu alichokijua na hakukisema siku ile ni kwamba punje inaziba mlango. Sauti ya jirani inapita mlangoni, ndiyo. Lakini sauti ya mwimbaji mwenyewe haibishi hodi. Imezaliwa ndani ya nyumba. Inatoka kooni, inapanda kwenye mifupa ya taya na fuvu, inalifikia sikio la ndani kwa njia ya nyuma, na kwa soprano aliyejaza kifua inafika na kishindo cha mashine ya kusaga. Hakuna punje inayoziba mfupa. Kila mmoja wao alikuwa amejipiga mwenyewe, saa tisa kwa siku, na kadiri sikio lilivyokufa, punje ilijaza, na kadiri ilivyojaza, hakuna aliyejua.

* * *

Alimfuata Mwalimu Haule ukumbini. Mazoezi yalikuwa yameanza, na Fulgensi alikuwa amechelewa, kwa hiyo alilazimika kusimama mbele.

Hiyo ilikuwa mila yao. Mwenye kosa husimama mbele ya kwaya na kusema "naomba radhi." Mwalimu huinua mkono na kuushusha, na kwaya nzima humjibu kwa sauti nne, mara tatu: *Tumesamehe*. Baada ya hapo jambo limezikwa. Atakayelitaja tena anafagia ukumbi wiki nzima. Kwaya nyingi zilikufa kwa vinyongo, Lihanje haikufa.

"Naomba radhi," alisema Fulgensi. "Nilikuwa nakuja mapema, nikakutana na chapati."

Mkono wa Mwalimu ukashuka. *Tumesamehe*, ukumbi wa mawe ukaitikia, na hata Imelda, aliyekuja na karatasi yake mkononi, alisisimka mwili. Walikuwa wazuri mno. Watu thelathini na mmoja wasiosikia, na hakuna aliyetoka nje ya sauti, maana kila mmoja alikuwa na punje inayomwekea kwaya nzima kichwani.

Wakati wa mapumziko alimpa Mwalimu ile karatasi. Akaisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe hujawahi kupimwa, Mwalimu. Kila mwaka siku yako ikifika una wageni."

"Basi wageni waendelee kuja." Aliikunja ile karatasi mara mbili, polepole. "Unajua sheria. Asiye na sikio zima hana leseni. Asiye na leseni hana punje, punje ni ya Ukumbi. Ukiandika hili, wiki ijayo utawang'oa wewe mwenyewe. Watatoka hapa wasisikie mtu akipiga hodi. Usipoandika, wataimba. Watazame, Imelda. Umewahi kuona watu wenye furaha kuliko hawa?"

"Na wale tisa?"

"Wale tisa nao wana punje."

"Hata hawa walikuwa nazo! Mwalimu, turudishe kibaba. Saa tatu kwa siku. Wale tisa watapona."

"Kamati haitaki saa tatu. Nimeshawaomba saa nane, wakanicheka."

"Basi hawa waachiwe punje. Waondoke nazo."

"Waandikie," alisema Mwalimu, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto akamwombe mwezi ushuke.

Aliwaandikia. Jibu lilifika kabla hajanyanyuka kwenye kiti: *Ombi lako limepokelewa*. Akaandika tena. *Ombi lako limepokelewa*. Mara ya tatu aliandika kwamba punje hazina kazi kwa mtu mwingine, kwamba zikitolewa hutupwa, kwamba ni watu. Limepokelewa.

* * *

Siku ya Jumamosi alikwenda kwa Skola.

Alimkuta sebuleni na mjukuu mapajani, binti yake akikunja nguo pembeni. Mtoto alikuwa akitafuna kidole na kububujika, mm-ba, mm, ba-mm.

"Umesikia?" Skola aliruka. "Umesikia, Imelda? 'Bibi'! Shahidi wangu huyu hapa, sasa bisha!"

Binti alimtazama Imelda. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kuogopa muda mrefu na hakuwa na wa kumwambia.

"Dada," Imelda alisema, "njoo nje."

Walisimama uani kwenye kamba ya nguo, na Imelda akamwambia yote: kitufe, sekunde nne, thelathini na mmoja. Skola alisikiliza akiwa amembeba mtoto begani. Hakulia wala hakupiga kelele. Alipouliza, aliuliza jambo dogo.

"Hii punje inajaza. Inajaza kwa kitu gani?"

"Kwa kukisia. Inakujua. Pale inapokosa, inaweka kile inachodhani kinafuata."

"Au kile ninachokitaka."

"Pengine."

"Kwa hiyo mtoto hajaniita."

"Sijui, dada."

"Unajua, Imelda. Ulikuwa pale. Kasema nini?"

Imelda alitazama chini, kwenye maji ya sabuni yaliyokuwa yakijitafutia njia kwenye changarawe. "Kasema mm-ba."

Skola alimhamisha mtoto bega la pili. Kwa muda alimpigapiga mgongoni, mlio, kimya, kimya, kimya.

"Usiandike," alisema. "Nipe miezi mitano. Mtoto wa mwaka anaita. Punje haitajua tofauti, na mimi sitajua tofauti, lakini atakuwa ameniita kweli, na mimi nitakuwa nimeitika. Baada ya hapo ng'oa."

"Miezi mitano, saa tisa kwa siku. Adelina, mmoja wa wale tisa, ana miaka ishirini, dada. Anasimama pembeni yako, na kifua chake kinampiga kama chako kilivyokupiga."

"Usinitajie Adelina! Mimi nani aliniokoa? Ulikuwa umekaa pembeni yangu, sauti ya pili, na baadaye ukakaa nyuma ya kioo. Miaka saba, Imelda. Miaka saba unaniandikia sikio zima."

Imelda aliyasogeza maji ya sabuni kwa ncha ya kiatu.

"Ukiandika," Skola alisema, sasa kwa upole, na upole ulikuwa mbaya zaidi, "utakuja usimame mbele ya kwaya uniombe radhi. Nami nitakusamehe. Nitaimba, maana ndiyo mila yetu. Lakini utakuwa umekuja, ukaniambia usoni."

* * *

Aliandika ripoti Jumatatu. Alikuwa ameyapima yote mawili usiku na mchana mpaka yakawa uzito mmoja, na mwisho alichagua wale tisa, ambao bado kulikuwa na kitu cha kuwaachia.

Jumatano aliwang'oa. Kibano, tone la dawa ya ganzi, dakika nne kwa sikio. Fulgensi aliingia na mzaha mdomoni, akatoka bila mzaha, akijisikiliza koo kwa kiganja. Skola alikuja wa mwisho. Baada ya punje ya pili hakukuwa na haja ya kusemeshwa. Mwishoni kulikuwa na kisahani juu ya meza, punje sitini na mbili, ungedhani mtu amemwaga ulezi.

Alhamisi asubuhi, kabla ya mkutano wa kuagana, Bi Theopista Mbawala, katibu wa Kamati, alimwita barazani. Alikuwa mama mwenye sauti laini na kitenge kilichonyooka.

"Mwanangu, pole. Kazi uliyoifanya si ndogo. Sasa tuimalize vizuri. Utasimama, utaomba radhi kwa kuchelewa kugundua, watakusamehe, watakwenda nyumbani kwa amani."

"Na wale tisa?"

"Mazoezi yanaendelea Jumatatu. Wapya thelathini na mmoja wameshachaguliwa, vijana wazuri sana. Saa tisa, kama kawaida."

Imelda alidhani hakusikia vizuri. Alifikiri, kwa kichekesho kibaya, kwamba labda yeye naye ana punje. "Nimeandika ripoti, Bi Katibu. Nimewaandikia kwa nini wameharibika."

"Na ripoti iko kwenye jalada. Ukiomba radhi na kwaya ikasamehe, jalada linafungwa. Mnajua wenyewe. Lililosamehewa halitajwi." Bi Theopista alimshika mkono. "Ni mila yenu, si yetu."

Hapo ndipo alipoelewa jinsi walivyomzunguka. Wapya wangeingia Jumatatu, wangeketi kwenye viti vile vile, na hakuna mtu ndani ya Lihanje ambaye angeruhusiwa kuwaambia viti vile vilikuwa vya nani.

* * *

Ukumbi ulikuwa kimya namna ambayo hakuwahi kuijua. Arobaini wamesimama kwenye safu zao. Thelathini na mmoja walikuwa na macho makubwa, ya watu wanaotafuta sauti kwa kutazama. Tisa walikuwa wanatazama sakafu.

Imelda alisimama mbele. Bi Theopista alikuwa ameketi kiti cha mbele, kalamu juu ya daftari. Mwalimu Haule aliinua mkono, kama mila inavyotaka, akangoja.

Imelda hakusema kitu.

Mkono ulikaa hewani. Akautazama, akatazama safu, akaona kile ambacho Mwalimu alikuwa tayari amekiona: wale thelathini na mmoja hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wakiutazama mkono. Hawangejua kama ameomba au hakuomba. Walihitaji mkono tu.

"Mwalimu, usifanye," alisema.

Mwalimu Haule alikuwa mzee, naye alikuwa amechoka, na pengine hakusikia. Mkono ukashuka.

*Tumesamehe.*

Waliingia kwa pamoja, kwenye pigo, kama walivyoingia maisha yao yote. Lakini safari hii hapakuwa na kitu cha kuwajazia. Kila mmoja alikuwa na do yake. Fulgensi alikuwa chini ya besi yoyote, wengine walikuwa wametawanyika kama kuku, na sauti ile kubwa iliyopinda ikagonga mawe ikarudi, ikagonga ikarudi, nao wakaendelea nyuso zimenyooka, kwa uangalifu, kwa upendo, mara ya pili, mara ya tatu, wasijue. Adelina alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili. Wale tisa hawakuimba.

Skola pia hakuimba. Alikuwa ameacha kuutazama mkono, akimtazama Imelda mdomoni.

Ukumbi ukatulia. Bi Theopista aliandika neno moja kwenye daftari lake na kulifunga.

Imelda akamgeukia Skola. Alitaka kupiga magoti. Alitaka kumwambia lile neno la radhi alilomdai, alikuwa nalo, lilikuwa limejaa mdomoni kama damu. Angelitoa, jalada lingefungwa, jambo lingezikwa hapohapo pamoja na sababu zake zote, na Jumatatu wangeingia wengine. Akafungua mdomo polepole, ili kila herufi ionekane.

"Sijaomba radhi," alisema. "Andika hivyo, Bi Katibu. Siombi."